Mama Elizabeti Fanueli, Mkazi wa Mwisho wa Tumaini

Mchungaji, wazee wetu, majirani wa Makorora na ndugu mliotoka Machame, shikamooni. Mimi ni Godlisten, mtoto wa kwanza wa marehemu, nanyi mnivumilie, maana historia hii ina aibu, na aibu yenyewe ni yangu.

Mama yetu, Elizabeti, alizaliwa Machame tarehe 14 Machi 1944, akasoma hadi darasa la nne, akafunga ndoa na baba yetu, Fanueli, tarehe 5 Januari 1963. Mwaka 1965 familia kumi na moja zilizokosa vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kule mlimani zilishuka kufyeka pori nyuma ya kijiji cha Kigombe, huku pwani, zikapaita Tumaini, na mama, akiwa na mimi mgongoni, akalima mahindi na mihogo, akawazalisha wanawake wenzake, akatulea watoto wanne. Baba alifariki tarehe 9 Agosti 1988, tukamzika nyuma ya nyumba, mama akapanda masale, mimea tunayoitumia pia kuweka mipaka ya mashamba, kuzunguka kaburi kwa desturi yetu, akaagiza naye azikwe ubavuni pake.

Visima viliingia chumvi, watu wakahama mmoja mmoja, hadi mwaka 2011 mama akabaki peke yake, nikamleta hapa Makorora kwa kumdanganya kuwa ni wiki mbili tu za kutibiwa macho. Mwaka uliofuata wapimaji wa shamba la mkonge lililochukua ardhi ya Tumaini waliniuliza kama kuna makaburi, nami, nikijua kaburi likitajwa mama ataitwa kule na atagoma kuondoka tena, nikajibu kwamba masale yale ni mpaka tu, na trekta likapita juu ya baba. Ndiyo sababu leo tunamzika mama makaburi ya mjini.

Kila Jumapili aliniuliza masale yanaendeleaje, nikamjibu yamestawi. Alianza kuugua figo Novemba 2024, akafariki hospitalini tarehe 2 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzangu, na majirani wote, hasa Bi. Mwanamkasi, aliyemwogesha na kumlisha. Jana ndiye aliyeniambia kwamba mama alijua tangu mwaka 2013, watu wa Kigombe walimweleza, akamsihi Bi. Mwanamkasi anyamaze, kwa kuwa alitaka niseme mwenyewe. Kumbe kila Jumapili alikuwa akinipa nafasi, nami kwa miaka kumi na miwili nikaikataa.

Mama, ndiyo ninasema leo, na wewe husikii tena. Pumzika kwa amani.