Bwana Oldroyd na "Labda" Yake

Naomba radhi kwa wote mliosubiri. Makala haya yalitakiwa kabla ya Pasaka, na mhariri wa jarida la wafanyakazi amenivumilia kuliko nilivyostahili. Mtoto anaota meno. Naandika mstari, nanyanyuka, narudi, naukuta umepoa.

Bwana Cuthbert Oldroyd anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya kamusi hapa Halifax kwa miaka thelathini na minane. Alianzia herufi C, akiwa bado na nywele, na tangu hapo ameulea ukoo mmoja wa maneno ya Kiingereza: yale ya kubembeleza, kurai, kurubuni na kushawishi. Wenzake hawajaacha kumtania, kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi kumshawishi mtu hata afunge dirisha. Hulifunga mwenyewe.

Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba "coax", ambalo leo tunalitumia kwa paka aliyejificha chini ya gari au moto wa kuni mbichi, lilizaliwa kwenye neno la zamani la bwege: kumbembeleza mtu kulikuwa kumfanya bwege. "Persuade" lina undugu wa mbali na utamu, huko kwenye Kilatini. "Convince" lilitoka kwenye kushinda, na "inveigle", yaani kurubuni, kwenye kupofusha. Husema ukoo huu una shangazi mmoja mtamu na wajomba watatu wa kuogopwa.

Vitabu havikumtosha. Aliwahi kwenda mnada wa kondoo kule Skipton kusikia wafugaji wanavyolitumia "coax". Mzee mmoja alikuwa akimwambia mkewe, "Usimsukume, mama. Mbembeleze, atapanda gari mwenyewe." Bwana Oldroyd akanyanyua mkono kumwomba arudie, na mnadi, akidhani anataja bei, akagonga nyundo. Akajikuta ana ushahidi safi wa neno, na kondoo jike. Kondoo alichukuliwa na mzee yuleyule, baada ya mzee kubembelezwa sana.

Tangu Aprili, hata hivyo, ofisini hakuna aliyetulia. Neno "wheedle", yaani kumrairai mtu kwa maneno laini hadi akupe unachotaka, limo kwenye maandishi tangu karne ya kumi na saba, na hakuna ajuaye kwa hakika lilikotoka. Wengine hulihusisha na neno la Kijerumani la kutikisa mkia, wengine na neno la Kiingereza cha kale la kuombaomba. Bwana Oldroyd aliandika mkia, akatanguliza "labda". Mkurugenzi wetu, Bi Rosalind Ackroyd, anataka hiyo labda iondoke kabla ukurasa haujafungwa. Hadithi ya mkia inapendeza, na kamusi lazima iuzike.

"Cuthbert, mpenzi, kineno kimoja tu," alimwambia wakati wa chai, wenzangu wote wakisikia. "Nani ataona?"

"Ataona yule anayetuamini."

"Watu wanapenda hadithi."

"Wape basi. Usiwaambie tu kwamba ndiyo ukweli."

Bi Ackroyd akamkatia keki ya tangawizi, kipande kikubwa. Bwana Oldroyd akaimaliza, akashukuru, na labda ikabaki.

Lakini akiondoka Ijumaa, ukurasa ule hauna mlinzi. Alichopata kwa Bi Ackroyd ni hiki: utasubiri hadi mwisho wa Septemba, iwapo mtu mwingine atakubali kuusimamia na kuutafutia ushahidi. Ndipo alipokuja nyumbani kwangu, nikiwa bado kwenye likizo ya uzazi. Alimbeba mtoto kama anavyobeba makasha yetu ya karatasi ofisini, mbali na tai yake.

"Sikushawishi, binti," alisema. "Nauliza tu."

"Mzee, umetembea na mvua yote hii kuja kuuliza tu?"

"Mvua nimeikuta njiani."

Nilikubali, ila nilimwambia wazi: mtoto kwanza, neno baadaye. Akasema neno limekwisha kusubiri zaidi ya karne tatu, kunyonya hakusubiri.

Bwana Oldroyd, ahsante kwa kutufundisha kusema "hatujui" bila kuona haya. Ulale mchana upendavyo, viazi vyako vya bustanini vikubali, na magoti yakubebe hadi kwenye minada yote utakayo. Sisi sote tunakuombea siku ndefu na tulivu.

Kwa ofisi: ili nianze Jumatatu, bado sijaletewa kasha la karatasi za ushahidi wa "wheedle", lote, si nakala za juu juu; kamusi ya Kijerumani cha zamani iliyo kwenye rafu ya dirishani; chaja ya kompyuta; na maandishi ya Bi Ackroyd, yenye sahihi yake, kwamba "labda" haitaguswa kabla ya Septemba kwisha. Hayo ya mwisho yaletwe kwanza. Yanifikie kabla ya Ijumaa, Bwana Oldroyd akiwa bado na ufunguo wa mlango wa ofisi.