Maziwa Yangu Hayajaona Moto

Assalaam aleikum. Nanyi ndugu zetu wa kanisani, hamjambo nyote. Mwenyekiti amenipa nafasi nizungumze kabla barua yetu wafugaji ya kupinga kanuni ya maziwa, iliyo mezani, haijatiwa sahihi, naye ameniomba nisiwe mkali. Mwenyekiti, nafasi nimeipokea. Kuhusu ukali sikuahidi kitu. Na kalamu iliyokuwa juu ya barua, msiitafute, nimeichukua mimi.

Wengi wenu mwanijua. Nafuga Mtongwe, nilianza nilipostaafu bandarini: ng'ombe watatu wa gredi, wale wa maziwa mengi, banda la mabati nyuma ya nyumba. Nilisoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo sitajificha nyuma ya ujinga. Kusoma nilijua. Kusikia ndiko kulikonishinda.

Langoni niliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: MAZIWA YANGU HAYAJAONA MOTO. Mwayajua maziwa ya zizini. Mtu ametoka kuswali alfajiri, anasimama kando ya ng'ombe, anakamiwa kikombe chake palepale na kukinywa kingali na joto la kiwele, povu limemshika masharubu. Twasema hayo ndiyo yenye nguvu, ukiyachemsha umeyaua. Mgonjwa apewe, mtoto apewe, mja mzito apewe. Aliyetaka ya kuchemsha nilimcheka: "Nenda dukani kanunue chaki ya paketi."

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mama mmoja, daktari wa mifugo, akasimama hapa niliposimama. Alileta pendekezo la kanuni. Anayeuza maziwa mabichi langoni, ng'ombe wake wapimwe. Chombo kiwe cha chuma, si dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia. Na mnunuzi aambiwe achemshe. Basi, ni hayo tu. Hakuja kumfungia mtu banda.

Nikainuka. "Daktari," nikamwuliza, "wewe uliponyonya kwa mamako, alikuchemshia kwanza?"

Mwakumbuka mlivyocheka? Kuna aliyeanguka na kiti. Nami nilipoona mwacheka nikazidisha: babu zetu waliyanywa mabichi wakazaa kumi kumi, na kanuni hii ni ya kumtoa mnyonge sokoni. Yule mama alikusanya karatasi zake, akaaga kwa adabu, akaenda zake. Mlinishika mikono hadi ikauma. Pendekezo likafia hapo, na aliyeliua ni mimi.

Mwaka haukuisha, ng'ombe wangu mkubwa akatupa mimba iliyobakisha kama miezi miwili. Mfugaji mwenye akili hapo hujiuliza ng'ombe ana nini. Mimi nilijiuliza nani kamtazama kwa kijicho.

Na jibu nilikuwa nalo tayari. Jana yake jirani yangu, mama mjane mwenye watoto watatu, alikuja kununua akasema, "Mzee, huyu ng'ombe wako kanona!" Hakusema mashallah. Nikaikata hukumu. Ndama nilimzika kwa mikono mitupu, banda nikalifukiza ubani, ng'ombe nikamvika hirizi shingoni. Asubuhi yule mama alipokuja, nikamfukuza mbele ya foleni nzima.

"Peleka macho yako kwingine!"

"Mzee, mimi nimekuja na jagi. Sikuja na macho."

"Nimesema usinikanyagie hapa."

Watu wakamcheka. Akaondoka na jagi lake tupu. Nami nikaendelea kukama na kuuza, hirizi yaning'inia shingoni mwa ng'ombe, roho imetulia kabisa.

Wakati huo binti yangu alikuwa amerudi nyumbani kwa uzazi wake wa kwanza, kama ilivyo ada yetu. Kila asubuhi nilimpelekea kikombe kwa mkono wangu. Alikuwa akikunja uso.

"Baba, yanuka banda."

"Kunywa, mwanangu, upate nguvu."

Alikunywa. Hakuyapenda hata siku moja, alikunywa kwa heshima yangu.

Kisha homa ikaingia kichochoroni petu. Homa yenyewe ni ya kuja na kwenda: leo watetemeka, kesho wafua nguo, kesho kutwa viungo vyauma kama umepigwa. Kila mtu alimeza dawa za malaria, akapona, akaugua tena. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilowesha godoro kwa jasho. Na katika mwezi wake wa nane binti yangu akajifungua mtoto asiye na uhai. Mvulana. Nilimzika kwa mikono hii. Mikono ileile iliyomzika ndama.

Ndugu zangu, nawaambia, hata hapo sikuelewa. Nilisema ni kadari, na sikujiuliza kitu. Kumsingizia Mungu ni kwepesi kuliko kumpima ng'ombe.

Siku ya tatu ya msiba nilimwona yule jirani jikoni kwangu, apika na wenzake. Nilimfukuza, naye amekuja kunipikia. Walipomaliza akanifuata barazani.

"Mzee, nataka kukuuliza jambo. Usinifukuze tena."

"Uliza."

"Kichochoro hiki kizima kina homa. Kwangu hakuna. Wanangu wazima. Tangu unifukuze twanywa chaki ya paketi. Sasa wewe uliyesema nina kijicho, niambie, kijicho changu kimenikinga na nini?"

Nikahesabu milango ya kichochoro. Nyumba pekee iliyosalimika ni ile niliyoinyima maziwa yangu.

Kesho yake nilikwenda hospitali, nikamwambia daktari mwenyewe, nipimeni ugonjwa wa maziwa. Wakanitoa damu, ikawa brusela. Binti yangu naye wakampima, ikawa ni hiyo. Daktari akanieleza kwamba ugonjwa huu humtoka ng'ombe ukaingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, au mkono mtupu uliogusa mimba iliyotupwa, na kwamba mwanamke naye waweza kumharibia mimba. Alisema kwa upole. Mimi nilisikia kama nasomewa mashtaka.

Ikabidi nimwite daktari wa mifugo. Ni yule yule. Alikuja na mabuti yake, akawatoa ng'ombe damu, majibu yakarudi: wawili kati ya watatu wana ugonjwa, waondolewe. Hakunikumbusha lolote kuhusu mzaha wangu. Afadhali angenitukana.

Sasa nasema jambo la aibu. Kabla hawajachukuliwa, mmoja wenu alikuja kwangu. Simtaji. Msigeuze shingo kumtafuta.

"Mzee, wataka kuwapoteza bure? Niuzie mimi. Nawavukisha bara huko ndani, hakuna atakayejua."

Mwadhani nilimfukuza? Nilimfukuza mjane aliyesahau mashallah. Huyu nilimwambia, "Ngoja nifikirie." Nikafikiria siku mbili. Msomi wa kidato cha nne, siku mbili nzima!

Siku ya pili alirudi, tukawa twanong'ona uani. Binti yangu alikuwa ndani, kitandani. Tangu maziko hakuwa amenisemesha. Nikasikia sauti yake dirishani.

"Baba, huko unakowapeleka, hakuna wenye mimba?"

Hilo tu. Yule mtu akachukua kofia yake. Nami nikakaa chini penye samadi, nikalia kama mtoto. Ng'ombe waliondolewa kesho yake, mbele ya daktari, nikitazama.

Nilimeza vidonge wiki nyingi. Nilipopata nguvu ya kutembea, nilipita nyumba kwa nyumba kichochoroni nikawaambia: homa yenu ni yangu, nendeni mkapimwe. Mwingine alinifungia mlango, mwingine alinimwagia maji ya vyombo miguuni, na ilikuwa haki yake. Kwa yule jirani nilikwenda nikiwa na jagi jipya. Akalipokea, akasema, "Zuri, mashallah." Alinichoma, nami nilistahili.

Leo nina ng'ombe wawili, yule aliyesalimika na mtamba mmoja, na wote hupimwa. Maneno ya langoni niliyakwangua kwa msasa, nikabandika cheti cha vipimo. Hata hivyo kila mnunuzi namwambia chemsha. Nimepoteza wateja. Wasema maziwa ya mzee siku hizi yamekufa, basi wamehamia kwenu. Mwajijua.

Msidhani nimekuja kuwatetea wakaguzi. Yuko aliyekuja kwangu zamani, akatazama karatasi ya leseni, ng'ombe hakumtazama hata mkia, akaondoka na dumu la maziwa. Mkitaka kuandika barua ya kudai kanuni imtazame ng'ombe na si karatasi, na mfugaji mdogo apimiwe bila kunyanyaswa, nitatia sahihi wa kwanza. Lakini barua hii iliyo mezani haisemi hivyo. Yasema kanuni ile, sasa iliporudi, isiwepo kabisa. Na katika mstari wa pili imeandikwa: babu zetu waliyanywa mabichi wakazaa kumi kumi.

Maneno hayo ni yangu. Nirudishieni. Babu zetu walizaa kumi, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza walizika wangapi.

Nawashukuru watu watatu, wote wanawake, na wote niliwakosea. Daktari aliyekuja nilipomwita. Jirani aliyenipikia. Na binti yangu. Allah alimjalia mtoto mwingine, wa kike, mzima. Binti yangu akija kwangu hukama mimi, lakini kuchemsha hachemshi mtu ila yeye. Husimama mbele ya jiko hadi yapande na kufura, halafu huyaacha yapande tena. Hanitazami. Nami najua ahesabu nini: mara moja kwa mvulana, mara ya pili kwa huyu wa kike.

Somo langu ni fupi: ng'ombe akitupa mimba, usitafute mtu wa kumlaumu, mwite daktari. Na maziwa yaone moto.

Nimemaliza, mwenyekiti. Anayetaka kuitia sahihi barua hii, simzuii. Ila kalamu nimempa binti yangu, yule pale nyuma karibu na mlango, amempakata mtoto. Nendeni mkamwombe yeye.