Beringi Mfukoni mwa Fundi Kitheka

Wachungaji, majirani na nyote mliofika Masii kumsindikiza fundi wetu, familia inawasomea maisha ya Erastus Kitheka Ndeti, na kwa kuwa mwenyewe hakupenda hotuba ndefu, tutajaribu kumheshimu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1956 huko Muthetheni, mtoto wa nne wa mzee Ndeti na mama Ndanu, akasoma shule ya msingi hapo nyumbani hadi mwaka 1971, kisha akajifunza umakanika mjini Machakos, akafanya kazi huko hadi mwaka 1988 alipofungua karakana yake hapa Masii, ambako wengi wenu mmeketi juu ya tairi kuukuu mkingoja magari aliyoapa yatakuwa tayari sasa hivi.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa kanisani na Syombua, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa na kila kitu isipokuwa sauti ya mtoto, kwani mimba mbili ziliharibika, na ya tatu ilipokuja mwaka 1997, muuguzi wa zahanati iliyo karibu na boma lao, ng'ambo ya mto, aliwaambia waziwazi kwamba lazima Syombua ajifungulie hospitali kubwa, Machakos.

Mvua kubwa za mwaka huo zikaanza, na gari pekee lililoweza kuvuka mto, lile la zahanati linalovuta kwa magurudumu yote manne, likavunjika giaboksi pamoja na transfa, ile inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele. Marehemu akapata nyingine kutoka gari la mradi wa maji lililopinduka, akazivusha kwa mkokoteni wa punda kabla mto haujafurika, lakini chenibloki ya kuinulia ikabaki karakanani, upande wa pili wa mto, hivyo akaita mwethya, kikundi cha akina mama tunaojenga nao mabwawa ya mchanga, wakang'oa viti, wakapitisha kamba za katani kwenye tundu la sakafu ya gari ili waivute giaboksi kutoka juu, naye akalala chini kwenye matope ili aelekeze shafti iingie kwenye klachi.

Mwethya huinua kwa wimbo, na wimbo ulipofika pale pa kuvuta, wakavuta, giaboksi ikaingia vizuri ajabu, bolti zikakazwa, watu wakaanza kupongezana, mpaka Bi. Mumbua, kiongozi wa wimbo, alipouliza, "Fundi, na hiyo kitu iko kwa mfuko yako ni ya nani?" Ilikuwa beringi ya klachi, inayopaswa kukaa ndani kabla giaboksi haijafungwa, aliyoitia mfukoni isiingie mchanga, na marehemu aliitazama, akakiri ni yake, kisha mzigo wote ukashushwa na kuinuliwa upya, safari hii kwa wimbo wa polepole.

Tarehe 3 Desemba 1997 Syombua alishikwa na uchungu, marehemu akaendesha mwenyewe, maji yakapanda hadi milangoni, akaingiza gia ya chini ya transfa, magurudumu yote yakashika changarawe, wakatoka upande wa pili, na jioni hiyo akazaliwa Ndinda, huyu aliyeketi hapa mbele, sasa yuko darasa la tano, na ameshatuambia sote kwamba karakana ya babake haitafungwa. Tangu wakati huo marehemu hakuruhusu gari liondoke kabla hajapapasa mifuko yake, na mlimcheka sana kwa hilo.

Mwaka 2008 figo zilianza kumsumbua, akatibiwa Machakos, na tarehe 14 Machi 2009 alifariki akiwa na mkewe na bintiye kando yake, na hatutaficha kwamba tunaumia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliotupikia, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, na zahanati iliyotupa gari lile lile, na giaboksi ile ile, limlete nyumbani. Akina mama wa mwethya wameomba wao ndio wainue jeneza, na familia imekubali. Asubuhi, kabla halijafungwa, Syombua alipapasa mifuko ya koti alilovishwa marehemu, akatuambia hakuna kilichosahaulika.

Anzeni wimbo, mama zetu. Fundi, kazi imekaa mahali pake, pumzika sasa kwa amani.