Viatu vya Kiarie

Ndugu yangu Kiarie alifariki Jumanne moja ya Juni 2007, na timu yake ya hoki ya barafuni, inayocheza kwenye ukumbi wa barafu wa hoteli moja Nairobi, ikabaki bila kipa. Wiki mbili baadaye nilikuwa mjini kwenye foleni ya basi la Kinoo, nyuma ya wachezaji wenzake wawili wasionijua.

"Twende kwao tuombe viatu vyake vya kuteleza barafuni," alisema Maureen, aliyebeba fimbo ya hoki. "Viatu vya kipa ni vile tu, Nairobi nzima. Nitasimama langoni mimi."

"We Maureen! Mtu amezikwa juzi," alijibu Mwololo. "Na vitakuwa vikubwa kwako."

"Nitavaa soksi. Hata yeye alivaa mbili."

Alivaa tatu. Nilikuwa nikizifua mimi.

Mama mmoja mbele yao aliuliza fimbo ile ni ya nini. Walipomweleza akacheka. "Barafu Nairobi hii? Si hiyo ni ya kuweka samaki!"

"Unaona?" alisema Mwololo. "Hata hatujulikani. Ukienda, usinitaje."

"Nitakutaja wa kwanza."

Basi likafika, wakapanda wakibishana. Mimi nilingoja lingine.

Timu hufanya mazoezi kila Jumatano. Viatu bado viko chini ya kitanda changu.