Msalaba wa Pili wa Glenys Triffitt

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni mimi Merv Bessell, sauti ile ile mnayoinung'unikia kwenye habari za saa tatu. Leo sina muziki wa kufungulia. Fundi mitambo ameniuliza mara mbili aweke wimbo gani, nimemwambia aache. Leo tunamkumbuka Glenys.

Glenys Triffitt. Narudia kwa wale ambao redio zao zinakoroma huko bondeni. Glenys Triffitt, mfuaji wa mashuka wa hospitali yetu ndogo. Mke wa Des. Mama yake Robyn, bibi yake Tamsin. Amefariki akiwa na miaka sitini na minane. Amefia kwenye Barabara ya Kinamasi, Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kama umewahi kuendesha gari kwenye barabara ile, unaijua kazi yake hata kama humjui yeye. Wale walabi, kangaruu wetu wadogo, waliolala wamekufa kando ya lami asubuhi. Ukianza kuwahesabu kutoka daraja la juu, ukifika mjini umeshachoka kuhesabu. Na wengi wao wana msalaba wa rangi ya waridi mgongoni, wa kupulizwa kwa kopo. Msalaba ule ni wa Glenys.

Tuliokulia hapa tunajua unasema nini. Unasema mtu ameshasimama hapa. Mfuko wa tumboni umeshaangaliwa, hamna mtoto aliyebaki hai ndani. Nenda zako.

Alianzaje? Alinisimulia mwenyewe humu studioni, miaka mingi iliyopita, akinywa chai yangu bila kuniomba. Alikuwa anakwenda kazini alfajiri. Gari la mbele yake likamgonga walabi, likaendelea. Halikuyumba hata kidogo. Glenys akasimama, si kwa huruma, alisema, ni kwa hasira tu. Alitaka kusoma namba ya lile gari ili akamtukane mwenyewe vizuri. Aliposhuka akaona tumbo la mnyama linatikisika, na mnyama mwenyewe ameshakufa.

Akaingiza mkono. Akatoa kitoto kisicho na manyoya, chote mikunjo na masikio. Akakitia kifuani, akaenda kazini, akakifunga kwenye foronya iliyotoka kwenye mashine ya kukaushia ikiwa bado ya moto. Saa nne akaingia sista mkuu.

"Glenys, hicho nini kifuani?"

"Nguo chafu, sista."

"Nguo chafu inapiga teke?"

"Basi itakuwa imetoka wodi ya wazazi."

Tangu siku ile foronya zote kuukuu za hospitali zilikuwa zake. Alizishona vifuko, akavitundika jikoni kwake nyuma ya viti, na ndani ya kila kifuko kuna mtoto wa mtu, kama alivyokuwa akisema. Miaka ishirini na saba. Narudia, miaka ishirini na saba.

Na mume wake, wasikilizaji wapendwa, alikuwa dereva wa lori la magogo. Mnamjua Des. Tani arobaini nyuma yake, mteremko mbele yake, walabi anachomoka kichakani. Ukikanyaga breki unakufa wewe na aliye nyuma yako. Des aligonga wanyama wengi kuliko mtu yeyote wilaya hii, na hakuwahi kuficha. Glenys alikuwa akimwambia mezani mbele ya wageni, "Haya mzee, leo umeniletea kazi ngapi?" Naye Des anajibu, "Mimi ndiye ninayekupa ajira, mama. Siku nikistaafu utakaa bure." Watu wanacheka. Lakini Robyn, binti yao, ameniambia kwamba baba yake alikuwa akirudi safari anaandika kwenye kikaratasi kila mahali alipogonga, kilomita ngapi kutoka daraja gani, anakiacha chini ya kikombe cha mkewe. Hawakuwahi kukizungumzia kile kikaratasi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimelikwepa miaka kumi na moja. Mniwie radhi nikikwama.

Ilikuwa Alhamisi. Robyn alikuwa mjini Hobart, amepatwa na uchungu, mtoto wa kwanza. Glenys aliondoka nyumbani alfajiri kwenda kwa binti yake. Kwenye Barabara ya Kinamasi, pale penye ua wa mashamba ya kondoo, akamkuta walabi jike. Akashuka. Hata siku ile alishuka. Akaangalia mfuko, mtupu. Akapiga msalaba, akaondoka mbio.

Kuna kitu hakukifanya. Hakushika chuchu. Ninyi mnaolea wanyama hawa mnajua. Chuchu ikiwa ndefu, imevutika, maana yake kuna mtoto aliyekua kidogo, ameshaanza kutoka mfukoni na kurudi. Mama akigongwa, yeye hukimbilia kwenye nyasi na kukaa kimya kumsubiri. Mfuko mtupu si mwisho wa habari. Glenys alilijua hilo kuliko sisi wote, na siku ile alikuwa na haraka ya kuwa bibi.

Asubuhi ile ile, saa mbili na robo, nilipita mimi.

Nilikuwa nakuja hapa kusoma habari za saa tatu. Nilimwona walabi. Niliuona msalaba, rangi bado mbichi. Na niliona nyasi zinatikisika, hatua tano kutoka barabarani. Nilipunguza mwendo. Nikajiambia, Glenys ameshapita hapa, na Glenys hakosei. Nikakanyaga mafuta. Saa tatu kamili nilikuwa kwenye kiti hiki nikiwasomea hali ya hewa. Niliwaambia kwamba hakuna upepo.

Kesho yake Glenys akarudi kutoka Hobart. Mjukuu amezaliwa, Tamsin, mzima wa afya. Akapita pale pale. Mtoto wa walabi alikuwa ametoka kwenye nyasi usiku, amerudi kwa mama yake, amekiingiza kichwa kwenye mfuko. Amekufa kwa baridi namna hiyo.

Alikuja moja kwa moja hapa redioni, magoti yana matope. Akaweka karatasi mezani.

"Merv, nisomee hii saa tatu."

Nikaisoma kimya. Nikamwambia, "Glenys, acha. Ni walabi mmoja."

"Sikukuuliza ni wangapi."

"Watu wataacha kuuamini msalaba wako."

"Ndicho ninachotaka. Wauamini kiasi, na macho yao wayatumie."

"Siisomi. Utawavunja watu moyo. Nenda nyumbani kaangalie picha za mjukuu wako."

Akaniangalia. Wasikilizaji wapendwa, aliniangalia muda mrefu kuliko ninavyoweza kunyamaza redioni. Kisha akaniuliza kwa upole tu, "Wewe huna la kuniambia, Merv?"

Nikasema, "Sina."

"Haya," akasema. Akaenda. Karatasi akaiacha.

Nilijidai namlindia jina lake. Uongo mtupu. Nilikuwa nalinda langu.

Kuanzia wiki ile, misalaba ikawa miwili. Msalaba wa kwanza ni wa mfuko. Wa pili haupigi mpaka amezitafuta nyasi pande zote, kwa magoti. Mmoja, mfuko umeangaliwa. Miwili, na nyasi zimetafutwa. Alizunguka kuwafundisha madereva wa magari ya maziwa, wachunga kondoo, hata padri. Na kila siku ya kuzaliwa ya Tamsin, akishawakatia watu keki, alikuwa anatoka peke yake anakwenda mpaka pale penye ua. Robyn ameniambia, "Nilidhani mama ana kinyongo na siku yangu ya uzazi. Nilimwuliza mara moja tu. Akasema, kuna mwingine wa siku hiyo hiyo ninamsalimia."

Jumanne ile ya wiki tatu zilizopita, dereva wa gari la maziwa alimkuta Glenys ameketi kando ya barabara, ameegemea gurudumu la gari lake, kopo la rangi mkononi. Moyo umesimama. Mimi nilifika gari la wagonjwa likiwa linaondoka. Nikalifuata mpaka hospitali. Walimlaza kwenye chumba cha mwisho, wakamfunika shuka, na kwa jinsi lilivyokunjwa pembeni niliona wazi kwamba alilikunja yeye.

Des alikuwa amekaa, kofia mapajani. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye. Yeye ndiye aliyeanza.

"Kulikuwa na mnyama?"

"Alikuwepo. Walabi."

"Misalaba mingapi?"

Nikafikiri. Nikaiona tena ile rangi. "Mmoja, Des."

"Sasa wewe bwana hapa umekaa unafanya nini?"

Nikarudi pale barabarani. Saa tatu ile hamkupata habari, mtanisamehe. Nilitafuta robo saa nzima, nimesimama, napangua nyasi kwa mguu. Sikuona kitu. Nikaokota kopo la Glenys lililokuwa limebingirika mtaroni, nikalitikisa nipige msalaba wa pili niondoke. Nikalishusha. Nikampigia Des simu.

"Hamna kitu, Des. Nimetafuta."

"Umepiga magoti?"

Nikaitazama suruali yangu, kavu magotini.

"Merv. Umepiga magoti?"

"Bado."

"Piga magoti, bwana."

Nikapiga magoti. Nina miaka sitini na sita na goti moja la bandia. Nikatambaa kwenye mafungu ya nyasi zenye umande, nikiangalia chini, pale panapokuwa na giza hata mchana. Nikatambaa huku nalia, maana nilijua sasa ni kitu gani sikukifanya ile Alhamisi. Kilikuwa kitu cha dakika kumi. Karibu na nguzo ya tatu ya ua nikaona jicho. Jicho jeusi, moja, haliogopi tena kwa sababu limechoka. Nikamfunika kwa sweta langu. Alikuwa na uzito wa mkate. Kisha nikarudi barabarani nikapiga msalaba wa pili, umepinda vibaya, Glenys angeucheka.

Nilimpeleka kwa Des. Mzee yule hakuwahi kushika chupa ya mnyama maisha yake yote, alikuwa akisema nyumba ile yeye ni dereva tu. Alimpokea, akamtia kwenye foronya, akakaa naye kifuani. Nikaona kama sitasema leo, sitasema tena. Nikamwambia yote. Gari langu, zile nyasi, hali ya hewa.

Des hakuinua kichwa. "Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Mwenye kondoo alikuwa anatengeneza ua wake asubuhi ile. Alikuona umepunguza mwendo, halafu ukaondoka. Alimwambia Glenys kesho yake, aliporudi kutoka Hobart, kabla hajaja kwako."

"Mbona hakunitamkia?"

"Alikupa nafasi uitamke wewe. Akakuletea na karatasi ya kuanzia. Akarudi hapa akaniambia, hayuko tayari, tumwache, atasema siku yake."

Miaka kumi na moja, wasikilizaji wapendwa. Alinikuta dukani, akanitania kuhusu sauti yangu. Alinitumia keki ya Tamsin kila mwaka. Alinisubiri mpaka akafa.

Karatasi ninayo. Imekaa kwenye droo hii ya kushoto muda wote huo. Naisoma sasa kama alivyoniomba.

"Mimi Glenys Triffitt nilipiga msalaba kwenye Barabara ya Kinamasi siku ya Alhamisi, na sikumaliza kukagua. Mtoto alikuwa kwenye nyasi. Amekufa. Kosa ni langu. Naomba msiamini rangi yangu kuliko macho yenu. Mkiona nyasi zinatikisika, simameni, hata kama nimepita mimi."

Hapo ndipo ilipoishia. Chini yake pana nafasi tupu. Nilidhani aliishiwa na maneno. Basi leo naijaza. Mimi Merv Bessell niliziona zile nyasi zikitikisika, nikaondoka. Kosa lilikuwa letu wawili, na nilimwachia Glenys alibebe peke yake. Glenys, nisamehe. Nimechelewa na unajua nimechelewa.

Kwako Des, kwako Robyn, kwako Tamsin uliyetimiza miaka kumi na moja, poleni sana. Poleni kutoka kwangu, kutoka studio hii, na kutoka kwa kila nyumba ya bonde hili iliyowahi kuletewa na Glenys kifuko chenye joto imsaidie kulea. Des ameniambia nisiwape habari za yule mtoto, maana bado ni mapema na anaweza kutuaga wakati wowote. Nitasema tu kwamba jana usiku alimaliza chupa, na kwamba nyuma ya kiti cha Glenys pametundikwa foronya.

Nanyi mnaosikiliza mkiwa kwenye gari sasa hivi, jioni itafika na wanyama watatoka. Punguzeni mwendo. Ukimgonga, simama. Ukimkuta amegongwa, simama. Ukikuta misalaba miwili, inua mkono, mpe Glenys salamu zake, uendelee na safari. Ukikuta mmoja, mwenye kuupiga hajamaliza. Shuka garini. Piga magoti.