Kihesabio cha Katoni: Maisha ya Fundi Sifuri

Mimi ninayesoma ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane. Nimepewa kazi hii kwa kuwa eti nina moyo mgumu. Kwa kweli tangu juzi sihisi chochote, ndiyo maana naweza kusoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitindamimba wa mshona viatu. Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha chuo cha ufundi, ambako aliingia kusomea umeme wa majumba akahamia elektroniki. Wenzake walimwita Fundi Sifuri, maana kila mchoro wa saketi aliurahisisha mpaka pasibaki cha kupunguza.

Mwaka 1984 aliajiriwa na kiwanda cha vinywaji, akabuni kihesabio cha katoni. Alipanga flip-flopu sita, vijisaketi vya kumbukumbu, kwa mduara, kila moja ikishika sifuri au moja; chupa sita za kwanza ziligeuza sifuri zote kuwa moja, sita za pili zikazirudisha sifuri, ili zikipita chupa kumi na mbili ihesabiwe katoni moja. Palikuwa na geti moja la mantiki la kuurudisha mduara mwanzo ukipotea njia. Aliliona halina kazi, akaliondoa. Siku moja umeme ukakatika. Uliporudi, flip-flopu ziliamkia mpangilio usiotakiwa, zikawa zinazunguka humo humo, na kila chupa nne zikahesabiwa katoni nzima. Ubao wa kihesabio ulionyesha katoni nyingi, ghalani zilikuwa chache. Mpakiaji wa zamu nilikuwa mimi. Niliitwa mwizi mbele ya wenzangu wote, nikasimamishwa kazi, na iliniuma sana.

Marehemu alifungua kisanduku cha kihesabio, akapima, akaenda moja kwa moja kwa meneja.

"Huyu hajaiba kitu. Kosa ni langu, nimeondoa geti."

"Fundi, we nyamaza tu. Huyo ni kibarua."

Hakunyamaza. Mimi nilirudishwa kazini, yeye akafukuzwa. Alikwenda kufundisha katika chuo chake cha zamani mpaka alipostaafu.

Alikuja kwetu kuniomba radhi, akaambulia chai na dada yangu. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986. Dada alikuwa akimwambia, "Ukiwahi kutoka njoo na mkate, na ukichelewa njoo na mkate." Naye akijibu, "Mama, si useme tu nije na mkate?"

Mwaka jana figo zilianza kugoma. Alilazwa mwezi Mei, akawa anawauliza wauguzi jinsi mashine ya kusafisha damu inavyohesabu, mpaka wakamzoea. Alifariki alasiri ya tarehe 14 Juni 2023, dada akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa chini nasubiri lifti.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi.

Mochwari, mhudumu aliniuliza, "Wewe ni nani wake?" Nilitaka kusema shemeji. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni kaka yangu." Akanifungulia mlango. Sikujisahihisha.

Pumzika kwa amani, kaka.