Mama Vyeti, Aliyewatafuta Mafundi wa Gesi

Ndugu waombolezaji,

Kabla sijaifungua historia hii naomba niwataje waliopo, mmoja mmoja, kwa sababu marehemu hakuwahi kuanza kikao bila kujua nani yupo na nani hayupo. Yupo mume wake, dereva mstaafu wa kreni, ameketi hapa kulia kwangu. Yupo binti yake, mtoto wa pili, mwalimu wa sekondari. Yupo kitinda mimba, mhasibu, aliyeingia jana kwa basi. Yupo wifi yake mkubwa, ambaye ni mke wangu. Yupo mkaguzi wa viungio vya mabomba, ambaye nyote mnamwita Jicho. Yupo katibu wa ofisi yake. Yupo fundi jukwaa wa zamani, yule mwenye fimbo pale mlangoni, niliyemwomba akae mbele akakataa. Wapo majirani wa pande zote mbili za ukuta. Nipo mimi, kaka yake mkubwa, niliyepewa na familia kazi ya kusoma.

Hayupo kifungua mimba wake. Tangu juzi nimesikia minong'ono, watu wakiuliza mtoto wa kwanza anakosekanaje kwenye msiba wa mama yake, na mmoja, ambaye simtaji, amesema kijana amekuwa na moyo wa chuma kama mabomba anayoyachomelea. Hana moyo wa chuma, ila hajui. Hadi sasa ninaposoma hajaambiwa, na sababu yake imo ndani ya historia hii, kwa hiyo naomba mnivumilie hadi mwisho.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, katika nyumba ya matofali iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya watano na msichana pekee. Baba yetu alikuwa mtunza stoo ya vipuri, mama yetu alikuwa mshonaji, na mtoto huyu alishinda zaidi stoo kuliko kwenye cherehani, hata akajua jina la kila spana kabla hajajua majina ya shangazi zake, jambo ambalo shangazi hawakulipenda hata kidogo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na kuimaliza 1969, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi 1973, kisha mwaka 1974 nikampeleka mimi mwenyewe chuo cha uhazili, alikojifunza kupiga chapa na hati mkato, akahitimu Novemba 1975. Mwalimu wake aliniambia kwamba binti ana vidole vyepesi lakini ana tabia ya kusoma anachokipiga chapa, na kwa mpiga chapa hiyo ilihesabiwa kuwa kasoro.

Tarehe 3 Februari 1976 aliajiriwa katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni iliyokuwa ikilaza mabomba ya mafuta, kazi yake ikiwa ni kupiga chapa majina ya mafundi na kubana vyeti vyao pamoja. Kasoro yake ile ikamfaa, kwa kuwa alivisoma vyeti, akagundua jambo ambalo wakubwa wake walikuwa wakilipita, kwamba cheti cha mchomeleaji kina uhai wake, na mwenyewe akikaa miezi sita bila kushika moto kwa kazi ile, cheti kimekufa hata kama kinang'aa na muhuri wake. Alianza kuvirudisha dirishani vyeti vilivyokufa, na huko dirishani ndiko alikopata jina la Mama Vyeti, akiwa bado msichana asiye na mtoto.

Shemeji yangu aliyeketi hapa ni mmoja wa waliorudishwa. Alifika mwaka 1979 na leseni ya kreni iliyokwisha muda, akajitetea kwamba alikuwa na haraka ya kazi, marehemu akamjibu kwamba mzigo unaoning'inia hauna habari na haraka yake. Wiki iliyofuata alirudi na leseni mpya, akapokewa, lakini aliendelea kuja dirishani kila Ijumaa bila karatasi yoyote mkononi, mpaka ofisi nzima ikaelewa. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1982, wa pili 1985 na wa tatu 1993, na wajukuu watano.

Tarehe 11 Agosti 1987 lilitokea jambo ambalo naomba mlielewe vizuri. Fundi jukwaa, huyu mwenye fimbo, alikuwa juu ya tangi la mafuta akifunga mabomba ya jukwaa wanalosimamia mafundi, mama yake akafariki nyumbani, na mwenzake aliyepata habari, kwa nia njema kabisa, akasimama chini na kumwita kwa sauti kwamba mama amefariki, ashuke. Alifungua kulabu ya mkanda wake wa usalama ili ashuke upesi, akakanyaga mahali pasipo na ubao. Mungu alimwacha hai, ila nyonga haikurudi tena mahali pake. Marehemu ndiye aliyekuwa amempeleka kwenye kazi ile, na cheti chake kilikuwa safi, mkanda ulikuwa mzima, hakuna mtu ambaye angemlaumu, lakini tangu siku hiyo alikuwa akisema kwamba kumtafuta fundi mwenye cheti ni nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kuhakikisha kichwa chake kipo pale ilipo mikono yake.

Mwaka 1994, tarehe 4 Julai, alifungua ofisi yake mwenyewe, vyumba vitatu juu ya duka la vipuri, akawa anawatafutia miradi ya mafuta na gesi mafundi waliothibitishwa. Hakungoja walete barua. Alipita mitaani wanakochomelea mageti na madirisha, akaazima kinyago cha kuchomelea, akainama na kutazama moto, na hivyo ndivyo alivyompata Jicho, aliyekuwa akitengeneza nondo za dirisha barazani kwa mtu, akamwambia kwamba mkono wake unapotelea madirishani, akampeleka kozi, na leo hakuna kiungio cha bomba kinachopita bila huyu bwana kukitazama. Nyuma ya ofisi alijenga kibanda, akaweka mashine na vipande vya mabomba, ili fundi ambaye hana mradi aje achomelee mbele ya mkaguzi na cheti chake kisife. Majirani mliteseka, maana mashine zikiwaka televisheni zenu zilikata mchezo ukiwa umefikia penalti, na mlikuja kugonga mlango mkiwa mmekunja sura, naye aliwapa viti na chai na kuwaonyesha vijana wenu wenyewe wakiwa ndani ya vinyago.

Kila aliyempeleka kazini, alimwita na mtu wake wa nyumbani, mke, mume, mama au kaka, akawaeleza wote wawili pamoja kwamba habari ya msiba haipigiwi simu, inaletwa kwake, naye ataipeleka. Na aliipeleka. Alisafiri hadi kwenye geti la mradi, akakaa chumba cha walinzi akiwa na kofia yake ngumu nyeupe, akasubiri mtu amalize zamu, ashuke, avue mkanda, anawe, aketi, ndipo amwambie kwa sentensi moja, kisha akae naye na kumrudisha nyumbani kwa gari. Hakupenda ile desturi yetu ya kumwambia mtu kwamba mzee anaumwa, njoo haraka, kwa sababu, kama alivyosema, njia nzima huyo mtu anabishana na moyo wake mwenyewe. Mafundi walimtania sana, walisema wakiiona kofia ile nyeupe getini wanajificha chooni, na kuna aliyethubutu kumwambia kwamba hata mkewe hamwogopi hivyo. Lakini wamo humu ndani wanaume na wanawake waliopokea habari zao kutoka kinywani mwake, na wanajua ninachosema.

Kifungua mimba wake alichagua kuchomelea. Mama yake alimpitisha kwenye mtihani mara tatu chini ya Jicho, mara mbili akaangushwa, akalalamika kwamba wenzake ambao mama zao wana ofisi wanapewa funguo, yeye anapewa tupa. Mara ya tatu alipita, na tangu hapo hajawahi kurudishwa na mradi wowote.

Mwaka 2022 wenye kiwanda cha gesi walitangaza kwamba watakizima kwa matengenezo na kuunganisha bomba jipya, wakasema waziwazi kwamba kwa chuma cha bomba lile hapa hakuna watu wenye vyeti, wataleta wageni. Marehemu aliomba mwaka mmoja, akapewa. Aliwatafuta, akawasomesha, wakatahiniwa na wageni wenyewe, na aliwakabidhi wenye kiwanda wachomeleaji, mafundi bomba, mafundi jukwaa na madereva wa kreni, kila mmoja cheti chake kikiwa hai. Wenye kiwanda walikubali, ila waliweka kikosi cha wageni hotelini, wasubiri, ili wenyeji wakiteleza wakabidhiwe wao. Vile viungio vya mwisho kabisa, ambavyo haviwezi kujaribiwa kwa maji bali hupigwa picha za mionzi tu, viliruhusiwa kwa wachomeleaji wawili pekee, na kiongozi wao ni kifungua mimba wa marehemu. Akitoka yeye kabla havijafungwa, mwenzake haruhusiwi kuendelea peke yake, wageni wanaingia, na watu wote wale aliowatafuta mama yake wanarudi nyumbani na jina bovu.

Januari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, na tarehe 6 Februari madaktari walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho. Alipokea maneno yao kwa sentensi moja, kama alivyopenda, akauliza ana muda gani, akaambiwa, akarudi ofisini siku iliyofuata. Alilazwa tarehe 22 Aprili. Tarehe 28 Aprili kifungua mimba alikuja kumuaga, maana wanaoingia kiwandani wanalala humohumo hadi kazi iishe, na simu zote huachwa getini kwa sababu ya gesi. Nilikuwapo chumbani. Kijana alisema yuko tayari kubaki. Mama yake akamwambia: "Nenda. Sitakuita. Ukishuka utaletewa habari, iwe nzuri iwe mbaya." Kijana alimshika miguu, akakubali, akaenda.

Jumapili tarehe 12 Mei hali ilibadilika, na binti yake, ambaye ameniruhusu nilisome hili, hakukubaliana na mama yake. Alitaka kaka yake aitwe siku ileile.

"Mama, huyo ni mwanao, si fundi wa mkataba."

"Akiwa huko juu ni fundi," marehemu alimjibu. "Akishuka ni mwanangu."

Binti alilia, akasema basi aambiwe tu kwamba mama anaumwa kidogo, aombe ruhusa. Marehemu alicheka, kicheko kilichomuumiza ubavu, akamgeukia fundi jukwaa aliyekuwa amekuja kumjulia hali, akamtaka aseme yeye. Fundi jukwaa alisugua fimbo yake kwanza.

"Mwanangu," alimwambia binti, "mimi niliambiwa nikiwa juu. Mwache kaka yako ashuke."

Binti aliinuka, akaenda dirishani, na aliporudi alimshika mama yake mkono, wala hakuuachia tena isipokuwa kwa haja. Marehemu aliniita mimi, akaniambia kwamba safari hii nitakwenda getini mimi, nisimtume mtu mwingine, na nisizunguke. Nilimwambia kwamba mimi ni mtu wa maandishi, maneno kama hayo hayatoki kinywani mwangu. Akasema: "Basi andika, kaka, ukasome."

Familia imeniagiza nishukuru. Tunawashukuru madaktari waliosema ukweli mapema, na wauguzi wa wodi waliomgeuza na kumnawisha kana kwamba ni mama yao. Tunawashukuru majirani, ambao tangu Jumanne mmepika na kuosha vyombo vyetu bila kuulizwa, na wala hamkuitaja televisheni. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ofisini, ambao leo asubuhi wamefungua kibanda na kuwasha mashine kama kawaida, kwa sababu kuna vyeti ambavyo vingekufa wiki hii. Tunawashukuru walinzi wa geti la kiwanda, waliotukubalia chumba chao, na wenzake kijana walioko ndani, ambao msimamizi wao pekee ndiye anayejua, naye amenyamaza kiungwana. Jicho, ambaye huletewa picha hizo za mionzi nje ya geti, ameniarifu kwamba viungio vyote vilivyopigwa picha hadi jana vimepita, kimebaki kimoja, kinafungwa leo mchana, na wale wageni wa hotelini bado wanaogelea.

Maziko ni kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, na kifungua mimba ndiye atakayetangulia kuweka udongo. Mdogo wangu, ulale kwa utulivu, kila uliyemtuma yuko mahali pake.

Sasa naondoka na Jicho na fundi jukwaa kwenda getini, kijana anashuka saa tisa. Atanawa, ataketi, nami nitamsomea niliyoyaandika, ambayo nawasomea ninyi kwanza ili baadaye mtu asije akasema kwamba aliambiwa mengine:

Mama yako amefariki, Jumanne tarehe 14 Mei, saa nne na robo asubuhi, hospitalini, dada yako akiwa amemshika mkono.